Baraza Livunjwe

Sehemu ya saba

Nyundo bado iko juu.

Najua, najua. Wiki nzima hamkunipa raha. Msomaji mmoja wa Mbaraki ameniletea ujumbe kwamba mkono wa Kaingu nimeuacha hewani siku saba, utamfa ganzi maskini. Mwengine wa Makupa ataka kujua Bi Nana amekula nini muda wote huo. Jamani, mwaniona mimi sina huruma?

Kwa aliyeingia leo, haya shika upesi. Mji unarembeshwa. Watu wa urembo walipita Kibokoni na ndoo ya rangi nyekundu, wakapiga mstari mmoja mrefu katika kila kijia, wakasema chochote kilichotokeza nje ya mstari kinaharibu sura ya mji. Mstari ukapanda juu ya ngazi. Ukapanda juu ya mtungi wa maji. Ukapita juu ya paka wa Bi Nana aliyekuwa amelala zake, na paka huyo sasa anatembea na mkanda mwekundu mgongoni, na hakuna anayemwambia kitu.

Kisha leo asubuhi ikaja barua ya kuvunja baraza. Zile baraza za mawe nje ya nyumba, wanazokaa watu kuzungumza na kunywa kahawa, zilianza kupigwa nyundo saa mbili. Nne zimeshakuwa kifusi. Mtaa mzima imebaki moja, na juu yake ameketi Bi Nana, umri wake miaka sabiini na mitatu, amekunja miguu, tambuu shavuni.

Juu ya Bi Nana iko nyundo. Nyuma ya nyundo yuko Kaingu, mtu wa Ganze, baba wa watoto watatu, msimamizi wa wavunjaji.

"Hawe," alisema Kaingu, maana kwao ndivyo anavyomwita nyanya yake, "nakuomba uondoke."

"Siondoki ng'o."

"Nitapiga."

"Piga."

"Hawe, hii nyundo ni nzito."

"Naiona. Ndiyo nakwambia uamue, mwanangu. Mkono wako watetemeka."

Ulikuwa unatetemeka kweli. Ukatetemeka mpaka begani, begani ukakaza mshipa, Kaingu akapiga ukelele, "Mamaaa!" Nyundo ikamponyoka.

Haikumpata Bi Nana, shusheni pumzi. Iliangukia pembe ya baraza, kando ya mlango, kwa! Kipande cha chokaa kikaruka, na pale ilipoangukia pakabaki ufa mwembamba kama unywele.

Bi Nana aliutazama ule ufa, akamtazama Kaingu aliyekuwa akizunguka kijiani ameshika bega.

"Fadhiya!" aliita kuelekea juu. "Teremsha mafuta ya simsim! Mvunjaji ameumia!"

Dirisha la orofa likafunguka, chupa ikateremshwa kwa kamba ndani ya kikapu. Kaingu akaipokea kwa mkono mzima, akajipaka, na haya zimemjaa usoni.

"Lakini hawe," alisema akijisugua, "si mtapewa benchi jipya la chuma? Nimeyaona. Yana rangi ya samawati. Mazuri."

"Leo ni siku gani, Kaingu?"

"Alhamisi."

"Leo Alhamisi, baada ya Alasiri, Mzee Aidarus yuaja hapa na wazee wenzake. Waja kumposea mjukuu wake Huzaifa. Wamtaka mjukuu wangu Fadhiya, huyu aliyekuteremshia mafuta. Wamjua Mzee Aidarus?"

"Simjui."

"Una bahati."

Mimi namjua, nami nawaambia. Mzee Aidarus ana sharti moja alilolirithi kwa babake, na babake kwa babake. Posa ya ukoo wao huombwa barazani na hujibiwa barazani. Haiombwi sebuleni, haiombwi kwa simu, wala usimtajie hoteli. Hakuna baraza, hakuna posa. Na Huzaifa ni baharia, anapanda meli Jumapili, harudi mpaka miezi tisa. Mzee ameshatamka mbele ya watu kwamba posa isipopita leo, Huzaifa akirudi ataozwa binti mmoja wa Malindi, na habari iishe hapo. Fadhiya amemngoja Huzaifa miaka mitatu. Sasa mwajua kwa nini bibi mzima anakalia mawe na nyundo iko juu yake.

Kaingu naye alipojua, aliinama akaiokota nyundo. Akaiegemeza ukutani.

Na pale pale ikaja sauti iliyotikisa madirisha.

"KWA NINI BARAZA HILO LINGALI LIMESIMAMA?"

Kijia chenyewe upana wake hata punda wawili hawapishani, na mtu amekuja na kipaza sauti! Alikuwa Mwenyekiti Kiti. Ndiyo, jina lake ni Kiti, cheo chake ni mwenyekiti, na mtaa mzima umeshacheka mpaka umechoka, kwa hivyo tusonge mbele. Yeye ndiye mkubwa wa watu wa urembo. Suti ya kijivu, viatu vyang'ara. Nyuma yake alikuja katibu wake Purity, faili kifuani, soli za viatu nyekundu kwa kuukanyaga ule mstari.

"MAMA, TEREMKA!" alisema Kiti. Kipaza kilikuwa shibiri mbili kutoka kwa sikio la Bi Nana.

"Mwanangu, mimi si kiziwi. Lakini nitakuwa."

Kiti akashusha kipaza. Akainua macho, akaruka.

"Nani ameruhusu leso ya manjano? Wiki hii ni ya samawati! Nguo za kuanikwa wiki hii ni samawati na nyeupe peke yake!"

"Imeanikwa ikauke, bwana," Fadhiya alijibu dirishani. "Si bendera."

"Purity, andika. Leso moja, manjano, na maneno makali."

Purity akaandika.

"Sasa," alisema Bi Nana, "hiyo barua yenu yasemaje? Maana tangu asubuhi twavunjiwa na hatujasomewa."

"Msomee, Purity. Msomee aondoke."

Purity alitoa karatasi, akasoma kwa sauti nzuri ya mtu aliyesoma shule: "Baraza livunjwe mara moja. Mwenyekiti wake ajiuzulu leo hii. Vitu vyake vyote vikusanywe na kuwekwa ghalani. Agizo hili litimizwe kabla ya saa kumi alasiri."

Na walilitimiza, wallahi! Kila walipofika penye baraza waliuliza kwanza, "Mwenyekiti wa hapa ni nani?" Baraza ya Mzee Aidarus ndiyo ilikuwa ya mwanzo kuvunjwa. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa pale walitazamana, wakamnyooshea kidole yeye. Purity akampa karatasi, na Mzee Aidarus akatia sahihi kwamba amejiuzulu uenyekiti wa baraza, cheo ambacho mpaka asubuhi hiyo hakujua kwamba anacho. Kisha wakamchukulia dele lake la kahawa, bao lake, na mto wake wa kuegemea, na kwenye zile baraza tatu nyengine wakachukua madele manne manne. Kiti mwenyewe hakuteremka. Alikuwa garini, vioo amevipandisha, anapigwa na ubaridi.

"Rudia hapo mwanzo," alisema Bi Nana.

"Baraza livunjwe mara moja."

"Li?"

"Ndiyo, Bibi. Li."

Bi Nana alitema tambuu ndani ya kopo lake. Ningekuwa mimi Kiti, ningejiendea zangu.

"Miaka arubaini," alisema, "nimesomesha wasichana wa Kibokoni kusoma na kuandika, orofa ya juu ya nyumba hii. Hii ninayoikalia ni baraza ya nyumba. Baraza hii. Baraza yangu. Ukitaka kuivunja utasema ivunjwe. I! Hiyo yako ya li ni baraza la watu, wanaokutana, wakanywa chai, wakaondoka. Aliyeandika barua hii ni mtu ajuaye Kiswahili, na hakuandika habari ya mawe."

Kiti alicheka. "Bibi, i na li ni mamoja. Barua imetoka ofisi kuu."

"Mamoja? Kaingu! Wewe mvunjaji. Hii wataka kuifanya nini?"

"Nataka kuivunja, hawe."

"Si kulivunja?"

Kaingu alifikiri. "Kulivunja... hapana. Hilo lingekuwa lingine."

"Ati mwanisomesha sarufi kijiani?" Kiti alipandisha. "Wageni waja kuukagua mji kesho, mimi nangojea herufi? Kaingu, shika nyundo!"

Lakini Purity alikuwa ameacha kuandika. Aliigeuza ile karatasi, akaitazama nyuma, akaitazama mbele. Rangi ya uso ikambadilika.

"Mwenyekiti," alisema polepole, "ile mashine yetu ya kutolea nakala..."

"Imefanya nini?"

"Barua ilikuwa ndefu kuliko mashine. Nakala hii haina kichwa, ilikatwa juu. Barua yenyewe iko garini."

"Basi mpigie Ngumbao akusomee, tumalize upuzi huu!"

Ngumbao ni dereva, na gari liko barabara kubwa kwa sababu huku haliingii. Purity akampigia, akaweka simu kwa sauti ya wote.

"Ngumbao, soma juu kabisa ya barua."

"Juu kabisa pana nembo."

"Chini ya nembo!"

"Pameandikwa..." Karatasi ikasikika ikikunjuliwa. "Yahusu: Baraza la Urembo wa Mji. Halafu, baraza livunjwe mara moja. Niendelee?"

Paka mwenye mkanda alipita katikati yao, akapanda ngazi, akaingia ndani.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Kaingu.

"Kwa hivyo," alisema, "mwenyekiti wake..."

"Nyamaza," alisema Kiti.

"...ajiuzulu..."

"Kaingu!"

"...leo hii."

Afanaleki! Mtu amevunja baraza nne za watu kwa barua ya kumvunja yeye!

Kiti alitafuta mahali pa kujishikiza, akakosa, akakaa. Alikaa barazani, upande wa kulia wa mlango, pwaa, na suti yake ya kijivu. Tangu apewe kazi ya kuvunja baraza ilikuwa mara yake ya kwanza kuikalia moja. Chini yake ule ufa ukajivuta shibiri nzima, lakini nani alikuwa na nafasi ya kuutazama?

"Saa ngapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Saa kumi kasoro dakika kumi," alisema Purity.

"Basi bado mimi ni mwenyekiti. Dakika kumi zatosha kupaka mlango mmoja."

"Naiendea barua yenyewe, bwana," alisema Purity, akaondoka mbio, kijia kizima chasikia visigino vyake.

Bi Nana alikuwa hacheki. Alikuwa akihesabu muda. Alasiri ilishasaliwa, na watu walikuwa wakitoka msikitini.

"Kaingu, ingia ukumbini ukanywe maji. Na hiyo nyundo yako ingia nayo, wageni wasiione. Na wewe bwana ondoka hapo. Hapo ni mahali pa mwenye nyumba."

"Nipe dakika moja, Bibi. Miguu imekufa."

Hiyo dakika hakuipata.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Mzee Aidarus huyo! Kanzu imepigwa pasi ikakoma, joho jeusi, bakora mkononi, na nyuma yake wazee sita wamejipanga, harufu ya udi imetangulia. Huzaifa hakuwapo, maana mposaji hahudhurii posa yake. Alikuwa nyumbani kwao anapanda ngazi na kuteremka, anapanda na kuteremka.

Sasa sikizeni vizuri. Babake Fadhiya yuko Maskati kwa kazi miaka mingi, sura yake wengi wameisahau, na alimwambia mamake, yaani Bi Nana, kwa simu apokee posa mwenyewe kwa niaba yake. Mzee Aidarus hilo hakuambiwa. Kwa akili yake, mwanamume aliyeketi kulia kwa mlango ndiye mwenye neno. Akamwona Kiti. Suti, kimya, uso umejaa huzuni ya mtu anayetoa binti. Akamwendea moja kwa moja.

"Asalaam alaykum, bwana wangu."

"Alaykum salaam," alisema Kiti, hajui lolote.

"Mzee Aidarus," alianza Bi Nana, "huyo si..."

"Bi Nana, salaam aleki. Tuwachie wanaume tuzungumze."

Wazee saba wakakaa. Baraza ikajaa mpaka pomoni. Mzee Aidarus akakohoa kidogo, akaanza kwa yale maneno ya kikale ya posa, ambayo mtu hataji anachokitaka hata ukimchoma kisu.

"Bwana wangu, sisi tumekuja kwa unyenyekevu. Kuna kitu kizuri mnacho nyinyi. Tumekiona, tumekipenda. Tumekuja kukiomba, tukiweke kwetu, tukitunze."

Kiti alimtazama. Mzee, baraza, kitu. Moyoni akajua mara moja. Huyu ni mmoja wa wale waliochukuliwa madele yao asubuhi! Na kama muda wake ulikuwa umekwisha, basi angalau aondoke na dua ya mtu mmoja.

"Chukueni," alisema. "Ni chenu. Chukueni hata sasa hivi."

Wazee wakatazamana. Posa haijibiwi hivyo. Hujibiwa kwa "tutawaza" na "mtarudi."

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Aidarus. "Mna ukarimu mkubwa."

"Ila nisiwafiche," alisema Kiti, "kimebonyea kidogo ubavuni. Kilianguka tulipokuwa tukikipakia."

"Mzee Aidarus!" alisema Bi Nana.

"Bi Nana, tafadhali."

"Na kina masizi," Kiti aliendelea. "Lakini mkikisugua na majivu na ndimu kitang'ara."

Juu dirishani ikasikika sauti: "Masizi?"

Mzee Aidarus alimgeukia mwenzake wa karibu, macho yamemlowa. "Wamsikia?" alimnong'oneza. "Hii ndiyo adabu ya wazee wa zamani. Yuamshusha binti yake mbele ya wageni ili asijigambe. Siku hizi wako wapi watu hawa?"

"Na kama kimoja hakitoshi," alisema Kiti, ameshapata moyo, "ghalani viko vyengine kumi na viwili. Njooni mchague."

"Kumi na wawili?"

Mzee mmoja aliomba maji. Bi Nana alikuwa ameinua mkono wake wa tatu wa kutaka kusema, nikisema wa tatu mwanielewa, na mara hii pia Mzee Aidarus akamnyamazisha kwa kiganja.

Hapo visigino vikarudi, ko ko ko ko.

"Mwenyekiti! Mwenyekiti Kiti! Nimeileta! Ni kweli, bwana, baraza la kuvunjwa ni letu, na wa kujiuzulu ni wewe! Na sasa ni saa kumi na dakika tano!"

Mzee Aidarus aligeuza shingo. Kwanza alimtambua Purity. Kisha jina likamwingia. Akatia mkono ndani ya joho, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaisogeza mbali na macho ili aisome.

"Mwenyekiti Kiti. Hii sahihi ya chini hapa ni yako?"

"Ni yangu, mzee, lakini ni makosa ya mashine..."

"Wewe ndiye uliyenivunjia baraza yangu?"

"Nimeshakurudishia kitu chako, mzee!"

"Umenipa binti!"

"Binti gani? Mimi nimekupa dele!"

Lahaula! Bi Nana alishindwa. Alicheka mpaka akajishika mbavu, machozi yakamtoka, na huko juu dirisha likafungwa kwa kishindo mpaka leso ya manjano ikaanguka, ikamfunika mzee mmoja kichwa.

Mzee Aidarus hakucheka. Alisimama.

"Tuelewane," alisema. "Mimi nilijiuzulu asubuhi, sina baraza. Huyu amejiuzulu saa kumi, naye hana baraza. Walioombana na kupeana hapa ni watu wawili wasio na baraza. Kwa hivyo posa hii haikuombwa wala haikujibiwa. Tumepita njia tu. Twendeni."

Na akanyanyua bakora yake. Jamani, mambo yalikuwa yamefika mwisho kweli. Nyuma ya dirisha Fadhiya alikuwa amesimama na kiganja mdomoni, analia bila sauti. Miaka mitatu yake yaondoka na bakora ya babu, na kisa ni dele la kahawa!

"Aidarus."

Hakusema Mzee. Alisema Aidarus, wazi, kama anavyoita mwanafunzi aliyeandika vibaya. Bi Nana hakuwa akicheka tena.

"Kaa."

"Bi Nana..."

"Mara tatu nimetaka kusema, na mara tatu umenizuia. Sasa nisikize. Wewe umejiuzulu. Huyu amejiuzulu. Baraza hii ni yangu. Mimi ndiye niliyeikalia na nyundo iko juu ya kichwa changu, na mimi sijatia sahihi karatasi ya mtu. Mwanangu wa Maskati amenipa neno lake. Kama una ombi, nilete mimi."

Mzee Aidarus aliishusha bakora yake.

"Sijapata kumuomba posa mwanamke."

"Nami sijapata kusikia mjukuu wangu ana masizi. Leo sote tunajifunza."

Wazee sita walitazama chini. Kiti alitaka kuondoka, lakini walikuwa wamembana, bega lake liko begani mwa Bi Nana, hana pa kupita.

Mzee Aidarus ni mkaidi, lakini ampenda Huzaifa, hilo msimnyime. Alikitazama kijia. Huku kifusi, kule kifusi, na mstari mwekundu umepita juu ya vyote. Hapakuwa na baraza nyengine ya kukalia mtu. Akamwaza mjukuu wake anayepanda ngazi na kuteremka. Akarudi, lakini hakukaa. Akasimama mbele ya Bi Nana, viatu vyake juu ya ule mstari, akainamisha kichwa.

"Bi Nana," alisema, "mjukuu wangu Huzaifa amempenda mjukuu wako Fadhiya. Natamka jina lake ili pasiwe na mtu atakayedhani naomba dele. Twamuomba. Mwatupa?"

Dirisha likafunguka taratibu.

Bi Nana aliinua macho kwa Fadhiya. Fadhiya aliitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Na bibi, ambaye siku nzima hakuogopa nyundo, sasa ndiyo kwanza macho yalimjaa machozi ya kweli.

Ukumbini Kaingu alikuwa amemaliza maji. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwa ukuta wa baraza, na akahisi mchanga unamwagika shingoni. Akageuka. Ule ufa ulikuwa umepita upande wa pili, na ndani yake aliona mwanga wa nje.

"Hawe!" alipiga kelele. "Ondoka! Hawe, ondoka!"

"Tume..." alisema Bi Nana.

Na baraza ikavunjika. Ikavunjika, nasema, maana Bi Nana angenisikia nikikosea hata ndani ya vumbi lile. Mawe, chokaa, wazee sita na mwenyekiti mmoja wa zamani, vyote kwa pamoja, gubu!

"...kubali," ilisema sauti katikati ya vumbi.

Vumbi lilipotulia, Bi Nana alikuwa ameketi vile vile, miguu ameikunja, kopo la tambuu mkononi, ila sasa yuko chini zaidi kwa kiasi cha dhiraa moja. Hakuna aliyeumia. Wazee walijipangusa, kila mmoja akitafuta kofia yake. Leso ya manjano imekuwa nyeupe.

Mzee Aidarus alikuwa angali amesimama juu ya mstari. Aliugusa ule mrundo wa mawe kwa bakora.

"Bi Nana, radhi zako," alisema. "Mimi nakuamini. Lakini sharti la babangu ni lile lile, hujibiwa barazani. Nataka kujua jambo moja peke yake. Hilo neno lako lilitimia baraza ikiwa ingali juu, au ilikuwa imeshaanguka?"

"Juu!" Fadhiya alilia dirishani. "Babu, wallahi ilikuwa juu!"

"Wewe ndiwe unayeposwa, mwanangu. Ushahidi wako haufai."

"Sisi tulisikia gubu tu," alisema mzee mmoja.

"Mimi nilikuwa nikimpigia kelele," alisema Kaingu. "Sikusikia."

"Basi ni nani aliyekuwa karibu naye?"

Wazee walitazamana. Kisha wote, mmoja baada ya mwengine, wakageuka kumtazama mtu aliyekuwa bega kwa bega na Bi Nana neno lilipomtoka, na ambaye alikuwa bado amekaa kifusini, suti imekuwa nyeupe, anatema chokaa.

Kiti alimtazama Bi Nana. Akamtazama Fadhiya. Akamtazama Mzee Aidarus, na ile karatasi mkononi mwake. Purity alikuwa amemshikia barua ya kumvunja mbele ya macho.

"Mimi?" alisema. "Mwataka ushahidi wangu mimi?"

Na kwa mara ya kwanza tangu ilipogonga saa kumi, Mwenyekiti Kiti akatabasamu.